Matangazo mubashara kutoka Lubumbashi: pima njia ya kupandisha kabla ya kununua kamera

Kanisa, kikundi cha vijana au familia ya Lubumbashi inapoamua kuanza kurusha matangazo mubashara kwenye intaneti, swali la kwanza karibu kila mara huhusu kamera: ni ipi inunuliwe, inauzwa bei gani, na je, simu tuliyo nayo haitoshi? Swali hilo ni halali, ila limetangulia maswali yaliyo makubwa kuliko lenyewe. Matangazo yanayokwama katikati ya mahubiri, yanayomwacha bibi harusi ameganda mlangoni huku sauti ikiendelea, au yanayozimika kabisa mgeni rasmi anaposimama kuhutubia, kwa kawaida hayaharibiwi na kamera. Yanaharibika kwa sababu picha nzito imelazimishwa kupita katika njia nyembamba itokayo kwenye simu kwenda mtandaoni, njia ambayo hakuna aliyeipima kabla ya shughuli kuanza. Anayeielewa njia hiyo anaweza kutangaza vizuri kwa simu ya kawaida, na asiyeielewa atashindwa hata akikopeshwa kamera ya maelfu ya dola.

Inafaa jambo hili lielezwe taratibu, kwa kuwa limefunikwa na maneno ya kiufundi yanayowatisha watu bila sababu, na kwa kuwa mji wetu una hali zake: mega zinazonunuliwa kwa vifurushi, umeme unaokatika, kumbi za matofali zenye paa la mabati, na jamaa waliotawanyika Kinshasa, Lusaka, Johannesburg na Brussels wanaotaka kuona kwa macho yao kinachotendeka nyumbani.

Kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe

Simu inaponasa video haiitumi kama ilivyo. Video ghafi ya ubora wa 720p, yaani picha yenye nukta 1,280 kwa 720, ikiwa na picha 30 kila sekunde, ingehitaji zaidi ya megabiti 300 kwa sekunde, mzigo ambao laini ya simu ya kawaida haiwezi kuupandisha. Kwa hiyo simu huibana kwanza, mara nyingi kwa kiwango kiitwacho H.264, kilichochapishwa mwaka 2003 na ambacho bado kinatumika karibu kila mahali. Ubanaji huo unategemea hila moja kubwa: badala ya kutuma kila picha nzima, simu hutuma picha moja kamili kila baada ya sekunde mbili hivi, na katikati hutuma tu kile kilichobadilika. Ukuta uliotulia nyuma ya mhubiri hautumwi upya. Mkono wake unaoinuka ndio unaotumwa.

Kutokana na hila hiyo tunapata jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mara nyingi. Simu ikishikwa mkononi ikawa inatikisika, kila kitu kwenye picha kinabadilika, ukuta pamoja na viti, na kiasi cha data kilichopangwa hakitoshi tena, ndipo nyuso za watu zinapogeuka vijisanduku. Simu hiyo hiyo ikiwekwa kwenye stendi, mahali pale pale na kwa mtandao ule ule, picha inasafika mara moja. Stendi ya bei ndogo, hata ile ya kuungaunga kwa mbao, huongeza ubora wa matangazo kuliko kifaa kingine chochote cha bei yake. Kwa sababu hiyo hiyo, kwaya inayocheza ikiwa imevaa vitenge vya maua mengi ni mzigo mzito zaidi kwa mtandao kuliko mtu mmoja aliyeketi mbele ya pazia la rangi moja, na kuizungusha kamera huku na huko ili kuwaonyesha waumini wote ni njia ya haraka ya kuivunja picha.

Baada ya kubanwa, video hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za jukwaa lililochaguliwa, kama Facebook au YouTube, mara nyingi kwa utaratibu uitwao RTMP, uliobuniwa na kampuni ya Macromedia kabla haijanunuliwa na Adobe mwaka 2005. Kila kipande kinachopotea njiani hutumwa tena, na mtandao ukidhoofika foleni hurefuka hadi simu inapolazimika kuruka baadhi ya picha au kukatika kabisa. Seva ikishapokea, hutengeneza nakala za ubora mbalimbali, huzikata katika vipande vya sekunde chache na kuvigawa. Simu ya kila mtazamaji huchagua nakala inayolingana na mtandao wake.

Wengi huogopa kwamba watazamaji wakiwa 500 mega zao zitaisha upesi kuliko wakiwa watano. Hofu hiyo haina msingi. Simu yako hupandisha nakala moja tu, kama mtu anayesema mara moja mbele ya kipaza sauti cha redio na kusikika mji mzima. Kazi ya kuzidisha nakala ni ya seva. Upande wa pili wa jambo hilo haufurahishi: seva inaweza kushusha ubora, lakini haiwezi kuupandisha. Mjomba aliye Brussels, mwenye intaneti ya waya wa faiba nyumbani na televisheni kubwa ukutani, hataona zaidi ya kile kilichofanikiwa kutoka Katuba, hapa Lubumbashi.

Ukataji huo wa vipande ndio unaoleta ucheleweshaji. Kati ya tendo na kuonekana kwake kwa mtazamaji hupita sekunde kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 30, kutegemea jukwaa na namna lilivyopangwa. Mazungumzo ya video ya WhatsApp hayana ucheleweshaji wa namna hiyo kwa sababu yamejengwa kwa kusudi jingine: yanakubali picha iharibike ili watu wawili wajibizane papo hapo, ilhali matangazo mubashara yanakubali kuchelewa ili picha isikatike. Anayetaka kujibizana na watazamaji lazima aupange muda huo. Akiuliza swali, aendelee kusema jambo jingine kwa nusu dakika, kisha arudi kusoma majibu, badala ya kunyamaza akidhani hakuna anayemsikiliza.

Hesabu ambayo kila kitu kinaitegemea

Kampuni za simu hutangaza kasi ya kupakua, yaani kasi ya vitu vinavyoshuka kutoka mtandaoni hadi kwako. Mtangazaji anahitaji kinyume chake, kasi ya kupandisha, ambayo kwa mtandao wa simu huwa ndogo zaidi. Sababu ni za kimaumbile: mnara una umeme mwingi na antena kubwa juu, nayo simu ina redio ndogo ndani yake na betri ya kuitunza. Simu inamsikia mnara vizuri kuliko mnara unavyomsikia mwenye simu. Ndiyo maana mtu aliye ndani ya ukumbi wa kuta nene na paa la mabati anaweza kutazama video bila shida, akaamini kwamba mtandao ni mzuri, kisha matangazo yake mwenyewe yakashindwa kutoka nje.

Kwa hiyo pima kasi ya kupandisha, na uipime mahali utakaposimama, siku ile ile ya juma na saa ile ile. Mnara mmoja hugawanywa kwa wote walio karibu nao. Jumapili asubuhi Kampemba haina hali moja na Jumanne usiku wa manane, na uwanja uliojaa watu wenye simu haufanani na uwanja mtupu. Tovuti za Speedtest na Fast.com zinatosha kwa kazi hiyo, ila zikumbukwe kuwa hupima kwa sekunde chache, tena mara nyingi kwa kutumia seva iliyo karibu, wakati matangazo yatadai kasi hiyo kwa saa mbili mfululizo. Pima mara kadhaa, chukua matokeo ya chini kabisa, kisha ugawe kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo mali uliyo nayo. Nusu nyingine ni akiba ya dakika mbaya, na dakika mbaya hazikosekani.

Ikiwa kipimo cha chini kabisa ni megabiti 2 kwa sekunde, panga matangazo yako kwa kilobiti 1,000, yaani megabiti moja, na uchague ubora wa 480p. Ikiwa ni megabiti 3, panga kilobiti 1,500, ambazo zinatosha 480p nzuri sana au 720p ya mtu aliyetulia. Ukipata megabiti 5 au zaidi bila kuyumba, kilobiti 2,500 zitabeba 720p inayokubalika. Wanaoanza hukosea kwa kudhani kwamba kuchagua ubora mkubwa huleta picha nzuri hata data ikiwa ndogo. Ukweli ni kwamba, kwa kilobiti 800, picha ya 480p huonekana safi kuliko ya 720p, kwa sababu data chache imegawiwa nukta chache.

Gharama hutoka kwenye hesabu hiyo hiyo. Kasi hupimwa kwa biti, vifurushi huuzwa kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Kilobiti 1,000 kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Kilobiti 1,500 ni megabaiti 675. Kilobiti 2,500 ni zaidi kidogo ya gigabaiti 1.1. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya sauti na yale yanayotumwa upya. Ibada ya saa tatu kwa kilobiti 2,500 itakula karibu gigabaiti 3.7, na kwa kilobiti 1,000 itakula gigabaiti moja na nusu. Mtunza hazina wa kikundi anapaswa kuonyeshwa hesabu hii kabla ya kifurushi kununuliwa, si baada ya matangazo kukatika wakati wa sadaka.

Msomaji asisahau kwamba upande wa pili pia kuna mtu anayelipa. Mama anayefuatilia ibada akiwa Kasumbalesa au Likasi anatazama kwa mega zake mwenyewe, na wengi watasikiliza zaidi ya kutazama, simu ikiwa juu ya meza wakati wanapika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoona aibu ya 480p, na ni sababu kubwa zaidi ya kuitunza sauti.

Programu za Facebook na YouTube za kwenye simu hujichagulia kasi zenyewe na hazimpi mtangazaji nafasi kubwa ya kuamua. Anayetaka kuipanga kwa mkono wake ana njia mbili zinazofaa: programu ya simu kama Larix Broadcaster, au kompyuta yenye OBS Studio, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Katika njia zote mbili jukwaa hukupa anwani ya seva na ufunguo wa siri wa matangazo, ambao hunakiliwa na kubandikwa kwenye programu. Ufunguo huo usipigwe picha wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, kwa sababu yeyote aliye nao anaweza kurusha chochote kwenye ukurasa wenu kwa jina lenu.

Kuipanua njia bila fedha nyingi

Mpangilio unaosaidia zaidi kwenye kumbi zetu unatumia simu mbili. Ya kwanza huwekwa dirishani, upande ambao mawimbi yanashika vizuri, na kazi yake ni kugawa intaneti tu. Ya pili, yenye kamera nzuri, husimama kwenye stendi karibu na jukwaa, ikiwa katika hali ya ndege lakini Wi-Fi imewashwa. Kwa njia hiyo redio inayotuma haizuiwi tena na kuta, na simu inayonasa picha haiwezi kupigiwa simu ya kawaida, kwani simu moja inayoingia katikati ya matangazo inatosha kuyakata au kuinyamazisha sauti yake. Kabla ya siku yenyewe, jaribu laini za mitandao tofauti dirishani hapo; Vodacom, Airtel, Orange na Africell zote zipo Lubumbashi, lakini anayeshika vizuri Ruashi si lazima awe yule yule Kamalondo. Walio karibu na mpaka wachague mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, ili simu isihamie mtandao wa Zambia bila wao kujua.

Penye faiba, itumieni, na kompyuta iunganishwe kwa waya badala ya Wi-Fi. Intaneti ya setilaiti ya Starlink, iliyopewa leseni nchini mwaka 2025, hutoa kasi nzuri ya kupandisha, mradi sahani ione anga bila mti wala ukuta kati yake. Lakini yenyewe inataka umeme wakati wote, na umeme ndio mtihani wetu mwingine.

Mkoa wetu wa Haut-Katanga una mabwawa ya Mwadingusha na Koni, na jirani zetu wa Lualaba wana Nzilo na Nseke, ila migodi ina njaa ya umeme na kukatika kwake mitaani kunajulikana na kila mtu. Mtangazaji apange kana kwamba umeme utakatika, kisha afurahi usipokatika. Simu zenye betri iliyojaa na betri ya ziada zitavuka ibada nzima. Ruta ya faiba itazimika papo hapo isipokuwa ina betri yake ndogo, ambayo ni kifaa cha bei nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Jenereta ikisubiriwa iwashwe, zile sekunde chache za giza ndizo zinazoua kompyuta isiyo na betri na kuwatupa nje watazamaji wote. Pia ieleweke kwamba minara ya simu mtaani hutegemea betri na jenereta umeme ukikatika, kwa hiyo kasi inaweza kushuka hata kama vifaa vyako vyote vinawaka.

Joto nalo ni adui. Simu inayonasa, kubana na kutuma kwa pamoja hupata moto, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, inaweza kujipunguzia nguvu yenyewe au kujizima. Ivuliwe kava, isikae juani, na isichajiwe kwa chaja ya kasi wakati wa matangazo.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha hafifu. Sauti mbovu haivumiliki, naye huondoka bila kuaga. Kinasa sauti cha simu iliyo mita sita kutoka kwa msemaji hunasa ukumbi zaidi ya mtu: mwangwi wa mabati, kikohozi, mtoto anayelia, viti vinavyoburutwa. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6 hivi, huku kelele za ukumbi zikibaki palepale. Kwa mtu mmoja, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati, hata kile cha waya cha bei ndogo, hubadilisha kila kitu.

Kanisani jambo ni gumu zaidi, na hapa ndipo nimeona juhudi nyingi njema zikipotea. Fundi huchukua waya kutoka kwenye miksa ya ukumbi, yaani mashine ya kuchanganya sauti, na kuuingiza kwenye simu au kompyuta, akitarajia kwamba kinachosikika vizuri ukumbini kitasikika vizuri mtandaoni. Watazamaji wanamsikia pasta kwa uwazi, kisha kwaya inapoanza wanasikia waimbaji wawili walio karibu na vipaza sauti na kinanda chenye nguvu kupita kiasi. Ngoma hazipo, makofi hayapo, waumini hawapo. Hakuna kilichoharibika. Miksa ile imepangwa kwa ajili ya watu waliomo ukumbini, ambao tayari wanazisikia ngoma kwa masikio yao bila msaada wa spika, kwa hiyo fundi hakuwa na sababu ya kuziwekea kipaza sauti. Dawa yake ni kuongeza kipaza sauti kimoja kinachoelekea kwaya na waumini, na kutumia njia ya pembeni ya miksa, ile ambayo kwa kawaida hupelekwa kwenye spika za wanamuziki, ili kutengeneza mchanganyiko wa mtandaoni ulio tofauti na ule wa ukumbi. Mtu mmoja avae vifaa vya masikioni na asikilize mchanganyiko huo tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa nje ya ukumbi ikiwezekana, kwa kuwa aliye ndani hudanganywa na spika.

Waya huo usiingizwe moja kwa moja kwenye tundu la simu. Sauti itokayo kwenye miksa ina nguvu nyingi kuliko ile inayotarajiwa na tundu la kinasa sauti, na matokeo yake ni mkwaruzo usioweza kurekebishwa baadaye. Kifaa kidogo cha kuunganisha kwa USB, chenye kitufe cha kupunguza sauti, hutatua tatizo hilo.

Kuhusu mwanga sina mengi: msemaji asikae mbele ya dirisha, bali dirisha liwe mbele yake.

Jukwaa gani, na kwa masharti gani

Facebook ina watazamaji wengi zaidi kati yetu, na kwa tukio la familia au parokia ndipo watu walipo. Tangu mwaka 2024 inadai akaunti au ukurasa uwe na umri wa siku 60 na wafuasi 100 kabla ya kuruhusiwa kutangaza. YouTube inataka chaneli ithibitishwe kwa namba ya simu, na ruhusa ya mara ya kwanza inaweza kuchukua saa 24, kwa hiyo anayekumbuka jambo hili asubuhi ya harusi amechelewa. Kutangaza kwa programu yake ya simu kunahitaji watu 50 waliojisajili, lakini kwa kompyuta yenye OBS hakuna sharti hilo, na hivyo chaneli mpya kabisa inaweza kuanza. Umri wa chini wa kutangaza YouTube ni miaka 16 tangu Julai 2025. TikTok inadai miaka 18. Masharti haya hubadilishwa na wenye majukwaa wanapotaka, hivyo yasomwe upya wiki moja kabla ya tukio.

YouTube na Facebook zote mbili huruhusu jaribio lisiloonekana na umma: YouTube ina matangazo yasiyoorodheshwa, ambayo huonwa na mwenye kiungo tu, na Facebook ina chaguo la kujionyesha mwenyewe pekee. Fanyeni jaribio la saa nzima, ukumbini, kwa vifaa vile vile. Jaribio la dakika tano halionyeshi joto la simu, wala betri, wala mnara unaolemewa.

Wakati wa kutangaza saa, andikeni kwa tarakimu za saa 24 na mtaje mji. Saa 15:00 za Lubumbashi ni saa 14:00 za Kinshasa. Saa za Lusaka na Johannesburg ni sawa na zetu mwaka mzima. Brussels iko nyuma kwa saa moja wakati wa baridi na hulingana nasi kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Watazamaji wa Kiswahili hawahesabu saa kwa namna moja, na tangazo la «saa tisa» litawapoteza baadhi yao.

Mambo yasiyoweza kufutwa

Video iliyorekodiwa hupitiwa kabla ya kutolewa. Matangazo mubashara hayana nafasi hiyo, na ndiyo maana ruhusa lazima zitafutwe mapema. Kwenye matanga, familia nzima iulizwe, si kijana mwenye simu peke yake: mwingine angependa shangazi aliye Johannesburg ashiriki, na mwingine hataki machozi ya mama yake yatazamwe na watu asiowajua. Njia ya kati ipo, nayo ni kiungo kinachotumwa kwa ndugu tu. Watoto wa shule wasionyeshwe bila ridhaa ya wazazi. Askari, vizuizi vya barabarani na maeneo ya ulinzi yasielekezewe kamera hata kidogo.

Muziki ni mtego mwingine. Wimbo uliorekodiwa ukipigwa kwenye spika za harusi, mitambo ya utambuzi ya YouTube na Facebook inaweza kuutambua na kunyamazisha sehemu hiyo au kuyakata matangazo. Mwimbe wenyewe, au mnyamazishe sauti wakati DJ anafanya kazi yake. Mechi za mpira zina wenye haki za kuzionyesha. Kumrusha mubashara mchezaji wa TP Mazembe ukiwa jukwaani Kamalondo si sawa na kumrekodi binamu yako kwenye uwanja wa mtaa.

Kwa mijadala, kuna sheria ya kuijua: Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyowekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari za uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii. Mgeni akimchafua mtu mwingine jina katika matangazo yako, wewe mwenye ukurasa ndiwe utakayeulizwa kwanza. Mwongozaji awe na ujasiri wa kumkatiza mgeni, na mtu wa pili akae kwenye maoni kwa kazi hiyo tu: kufuta matusi, kumzuia anayerudia, na kumpelekea mwongozaji maswali yanayofaa kusomwa.

Matangazo yakiisha, kazi ya kuyahifadhi huanza siku hiyo hiyo. Tangu tarehe 19 Februari 2025 Facebook huyafuta matangazo mubashara baada ya siku 30, na kwa hiyo ubatizo au mazishi yasiyopakuliwa yatapotea. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12, ila nakala yake ni ile iliyopita njiani, pamoja na mikwamo yake yote. Nakala bora ni ile inayorekodiwa kwenye kompyuta au simu yenyewe sambamba na matangazo, jambo ambalo OBS na Larix zote hufanya. OBS ipangwe irekodi kwa muundo wa MKV badala ya MP4, kwa sababu umeme ukikatika ghafla faili la MKV hubaki likisomeka hadi dakika ya mwisho, ilhali la MP4 linaweza kuharibika lote. Baadaye OBS hiyo hiyo huligeuza kuwa MP4 kwa dakika chache, tayari kupandishwa usiku, saa ambazo mnara wa mtaa hauna watu wengi.